Ithel Saruji na Ukuta wa Kusini

Katika bonde la Llangynwel, kwetu Wawelsh, mtu hakuitwa kwa jina la ukoo, maana nusu ya bonde walikuwa akina Pugh na nusu nyingine jamaa zao. Mtu aliitwa kwa kazi yake, au kwa shamba lake, au kwa kosa lake. Ithel Bebb aliitwa Ithel Saruji. Miaka mitatu ya kwanza jina hilo lilikuwa la sifa. Miaka yote iliyofuata lilikuwa la kosa, na yeye aliliitikia vilevile.

Alikuwa mwashi, kama baba yake, na baada ya baba yake akawa mtunza kanisa. Kazi ya mtunza kanisa ilikuwa kupiga kengele, kuchimba makaburi, kuwasha jiko la makaa Jumamosi jioni, na kushika funguo. Haikuwa kazi ya kumtajirisha mtu. Ila mwenye funguo za kanisa alijulikana ni nani, na siku hizo kujulikana ni nani kulitosha.

Kanisa lenyewe limekaa kwenye kiwanja cha mviringo kama sinia. Inasemwa kwamba mtakatifu Cynwel alipofika bondeni alizunguka kibanda chake na fimbo akiburuta ncha yake ardhini, na alama ile ndiyo iliyokuja kuwa ukuta wa makaburi. Hiyo ilikuwa zamani kabla Waingereza hawajatufundisha kuchora kila kitu kwa rula. Miti sita minene ya majani meusi inalizunguka, mikongwe kuliko jengo. Kuta zake zina unene wa mkono mzima wa mtu mrefu, mawe ya mtoni ambayo hayakuchongwa, na ule wa kusini umebetuka nje kama tumbo la mlafi. Ndani, kati ya waumini na madhabahu, kuna kiambaza cha mwaloni kilichochongwa mizabibu na fundi ambaye hakuwahi kuuona mzabibu maishani mwake. Kwa hiyo majani yake ni ya mwaloni na zabibu zake zinafanana na matunda ya vichakani. Nyuma ya mlango yananing'inia makoleo marefu ya mbao, ya kumbana mbwa shingoni na kumtoa nje mahubiri yakiendelea, maana wachungaji wa kondoo hawakwenda popote bila mbwa wao, hata kwa Mungu.

Paa ni la boriti za mwaloni, na miguu ya boriti hizo imelala juu ya ukuta, ndani ya mawe. Hiyo ndiyo siri ya jengo zima. Ukuta ukiwa mkavu, boriti hukaa miaka mia tano bila kulalamika. Ukuta ukilowa, boriti huoza miguuni, na paa linalooza miguuni halina dawa.

Ndiyo maana kulikuwa na Ijumaa ya Chokaa.

Ijumaa hiyo ilikuwa ile iliyotangulia Jumapili ya Matawi, siku ambayo bonde zima hupeleka maua makaburini. Mashamba tisa ya parokia yalikuja kila moja na ndoo yake na brashi zake, na kila shamba lilipaka kipande chake cha ukuta wa kusini, ndio unaopigwa na mvua. Hakuna aliyegawa vipande hivyo. Vilifuata viti vya ndani. Kama Tyn-y-rhos walikaa kiti cha tatu upande wa kusini, basi nje walipaka ukuta uliokuwa nyuma ya kiti hicho, kuanzia ardhini hadi kwenye paa. Hata shamba la Blaen-nant, ambao walikosana na kasisi mmoja zamani sana, wakahamia Kapela, ile nyumba ya ibada ya watu waliojitenga, walikuwa wakirudi siku hiyo moja kila mwaka. Kiti chao ndani kilikaa kitupu kwa miaka mia na hamsini. Kipande chao nje, kuanzia barazani hadi dirisha la kwanza, hakikukosa chokaa hata mwaka mmoja. Walipaka, hawakuingia, wakarudi nyumbani. Wafu wao walilala humohumo, kwa kuwa Kapela haikuwa na makaburi.

Chokaa yenyewe aliiandaa mzee Hopcyn Bebb, baba yake Ithel. Kila vuli alilowesha mawe ya chokaa yaliyochomwa ndani ya shimo upande wa kaskazini, chini ya mti, penye kivuli na unyevu, akaacha yachemke na kutulia. Shimo lilikuwa na chokaa ya miaka mingi, ya chini ikiwa ndiyo bora. Aliichota kwa koleo moja lilelile, akaikoroga na maji na mafuta ya kondoo mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. "Kama maziwa," alikuwa akiwaambia, "si kama krimu. Mwenye kupaka krimu anapaka mara moja, na inambanduka mara moja."

Mwaka wa 1961 Ithel alikwenda kufanya kazi kwenye bwawa, lile lililomeza bonde la jirani, na kapela yake na shule yake na makaburi yake, ili mji wa mbali upate maji ya kuogea. Alikaa miaka mitatu. Aliporudi alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, ana mikono ya saruji na kichwa cha saruji. Alikuwa ameona ukuta mrefu kuliko mlima ukisimama bila jiwe hata moja kuonekana. Akasimama kwenye kikao cha kanisa, akasema kwamba chokaa ni kazi ya watu wasiojua kitu kingine. Lipu moja ya saruji, alisema, na hamtashika brashi tena maishani.

Walimpigia makofi. Hilo lisisahaulike, maana baadaye walisahau wao. Walikuwa wamechoka kuharibu nguo kila mwaka, na mashamba mawili yalikuwa yameanza kutuma vibarua.

Alipaka ukuta wa kusini peke yake, majira ya joto yote ya 1964. Mzee Hopcyn alikuja kila siku, akasimama na mikono mifukoni.

"Baba, mbona kimya?"

"Naangalia."

"Sema basi. Unaona kasoro gani?"

"Huo ukuta utapumulia wapi?"

"Ukuta hauna mapafu, baba."

"Haya," alisema mzee.

Akaenda upande wa kaskazini, akalifunika shimo la chokaa kwa bamba la kaburi lisilo na jina, akalirundikia udongo. Majira ya baridi yaliyofuata alikufa kwa kifua. Hakulisema tena jambo lile, na pengine angelisema ingekuwa nafuu.

Ijumaa ya Chokaa ilikufa papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kupaka. Jumapili ya Matawi ilibaki, watu wakaleta maua, lakini walikuja kila mmoja kwa wakati wake, na kwa gari. Ithel hakuwa amefikiria hilo. Alifikiri anawaondolea kazi. Hakujua kwamba kazi ndiyo iliyokuwa inawaleta.

Na ukuta ukaanza kulia. Saruji ni ngumu, haiyumbi, na ukuta wa mawe ya mtoni huyumba kidogo kila msimu kama mzee anayejigeuza kitandani. Kwa hiyo saruji ilipasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ikaingia kwa nyufa, na ilipotaka kutoka ikakuta mlango umefungwa. Ikatokea ndani. Lowri, mke wa Ithel, alikuwa akifuta ukuta kwa kitambaa kila Jumamosi.

"Ithel, ukuta huu umelowa tena."

"Ni pumzi za waumini."

"Waumini kumi na mmoja? Wanapumua kama farasi?"

Ithel alikuwa ameshajua, mwaka wa tano tu baada ya kazi. Kila masika alipanda ngazi akaziba nyufa kwa saruji nyingine, asubuhi mapema kabla watu hawajapita, na akinyanyua kichwa akaona mtu barabarani alijifanya anaangalia viota vya ndege. Lowri alikufa mwaka wa 1983, akazikwa chini ya ukuta huohuo. Hakuwahi kuambiwa. Ila yeye ndiye aliyekuwa anashika kitambaa, kwa hiyo huenda hakuhitaji kuambiwa.

Februari ya 1990 dayosisi ilimtuma mkaguzi, msanifu majengo aitwaye Bwana Havard, mtu mpole mwenye viatu vya mjini. Alikuwa na kidude cha kupima unyevu, chenye sindano mbili. Alipokibandika ukutani taa zake zote ziliwaka. Kisha akapanda hadi kwenye boriti ya nne, akatoa kisu cha mfukoni na kukisukuma kwenye mguu wa boriti. Kisu kilizama mpaka mpini.

Kasisi alikuwa amesimama chini pamoja na Ithel. Alikuwa mwanamke, Nesta Gittins, mwenye parokia saba na gari moja bovu; kwa cheo shemasi tu, maana kanisa lilikuwa halijawapa wanawake ukasisi, ila bonde lilimwita Kasisi.

"Nitarudi Septemba ya mwakani," Bwana Havard alisema akishuka. "Ukuta ukiwa mkavu, boriti mbili zinaweza kuungwa miguu na kanisa likaendelea. Ukiwa hivi, nitaandika lifungwe. Nasikitika, Kasisi. Paa haliwezi kuwakalia watu vichwani." Akaangalia saruji kwa nje. "Nani alipaka hii?"

Kasisi akatazama ardhi. Ithel akatazama mti.

"Ni ya zamani," Ithel alisema.

Mwezi wa Mei, siku ya kwanza kavu, Ithel Saruji mwenye umri wa miaka sabini alipanda ngazi na nyundo na tindo, akaanza kuibomoa kazi yake.

Hakuna kazi ngumu kama kubomoa kilichofanywa vizuri. Alikuwa mwashi hodari. Saruji yake ilikuwa imeshika. Siku njema alibandua eneo la ukubwa wa meza. Siku mbaya, la ukubwa wa sahani. Chini yake mawe yalitoka meusi, yanatiririka maji, na harufu ikatoka kama ya kisima kilichoachwa.

Wiki ya pili alipita Josua Tibbott wa Blaen-nant, akiwa juu ya trekta lake. Josua alikuwa mzee wa Kapela, mwembamba kama mpini wa reki, aliyemzidi Ithel umri kwa mwaka mmoja, na wawili hao walikuwa wakitukanana tangu shule. Akazima injini ili asikike.

"We Saruji! Unabomoa nyumba ya Mungu, au mmekosana?"

"Nabomoa yangu. Ya Mungu iko chini yake."

"Basi utachelewa kuifikia. Uliipaka nene."

"Nenda zako kwenye Kapela yako ukasali."

"Kapela ipi? Hujui imeuzwa?"

"Najua. Nasikia wameweka bafu mahali pa mimbari."

Josua akakuna kidevu.

"Bafu mbili," alisema. Akawasha trekta akaondoka.

Kasisi Nesta alikuja Jumanne iliyofuata, akasimama chini ya ngazi na kofia mkononi.

"Mzee Ithel, shuka tuongee."

"Nikishuka, Mama Kasisi, kupanda tena ni mtihani. Ongea tu, nasikia."

"Una ruhusa ya dayosisi? Kanisa hili ni jengo la kumbukumbu. Huwezi kuligusa hata kwa msumari bila karatasi."

"Karatasi inachukua muda gani?"

"Mwaka. Wakikasirika, mwaka na nusu."

"Na paa wamelipa muda gani?"

Kasisi alitazama paa. Kunguru wawili walikuwa wakigombania kitu juu ya baraza.

"Wakijua," alisema baadaye, "watataka jina. Na mwenye jina hatabaki na funguo. Hilo sitaweza kulizuia, nakwambia mapema."

"Umeniona, basi?"

"Siku za Jumanne macho yangu huwa hayaoni vizuri," alisema Kasisi, akavaa kofia yake. "Na Jumatano pia."

Mpaka mwisho wa Agosti ukuta wote wa kusini ulikuwa mtupu. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa na jua lisilo la kawaida, na hilo Ithel hakulipanga, alipewa. Alijaza viungo vya mawe kwa chokaa na mchanga, polepole, kwa mwiko wa baba yake, akaacha upepo ufanye kazi yake. Majira ya baridi alitundika magunia kuukinga na mvua. Kila jioni, kabla ya giza kuingia, aliweka kiganja kwenye ukuta kwa ndani, mahali pale Lowri alipokuwa akifuta. Desemba kiganja kilitoka kimelowa. Februari kilitoka baridi tu.

Sasa ukuta ulitaka ngozi yake. Chokaa ya mifuko inayouzwa kwa wakulima ni ya kumwagwa shambani, haishiki. Jumatano moja ya Machi, siku nne kabla ya Jumapili ya Matawi, Ithel alichukua mtaimbo akaenda upande wa kaskazini, akafukua udongo, akainua bamba lisilo na jina.

Juu kulikuwa na maji meusi, kina cha kiganja, na majani yaliyooza. Aliyachota kwa ndoo. Chini ya maji kulikuwa na chokaa, nyeupe, laini kama siagi, mbichi kana kwamba imewekwa juzi. Miaka ishirini na saba. Na juu ya uso wake mweupe, upande mmoja, kulikuwa na mkato ulionyooka na kona mbili kali. Ilikuwa alama ya koleo la mzee Hopcyn, mahali alipochota mara ya mwisho.

Ithel alikaa ukingoni mwa shimo kwa muda. Kisha akachomeka koleo lake palepale, maana hapakuwa na pengine pa kuanzia.

Alikuwa amebandika tangazo dukani: Ijumaa, saa tatu asubuhi, kila shamba na ndoo yake. Aliandika kama lilivyokuwa likiandikwa. Lakini yale mashamba tisa yalikuwa yamebaki kwenye ramani tu. Mawili yalikuwa msitu wa misonobari wa serikali. Manne yalikuwa nyumba za likizo za watu waliokuja Agosti. Moja lilikuwa limemezwa na jirani yake, na huyo jirani, kijana wa Tyn-y-rhos, alikuwa amemwambia Ithel dukani, kwa heshima kabisa, kwamba kuna mashine za kunyunyizia siku hizi, mzee, kwa nini mtu ajitese. Ithel aliikumbuka sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe.

Saa tatu alikuwa peke yake na ndoo mbili. Saa tatu na nusu alifika Kasisi Nesta, amevaa suruali ya mumewe, na sufuria ya supu ya kondoo na liki, vile vitunguu vya majani marefu. Saa nne kasoro alifika mwanamke Mwingereza wa Hafod Wen, mojawapo ya zile nyumba za likizo, akauliza kwa Kiwelsh cha kuokoteza kama ni kweli nyumba yake ina kipande. Ithel akamwonyesha. Alipaka vibaya, lakini alipaka.

Saa nne kamili trekta la Blaen-nant lilisimama getini. Josua Tibbott akashuka na ndoo ya bati iliyotoboka pembeni na kuzibwa, na brashi ambayo nywele zake zilikuwa zimefungwa kwa uzi mpya.

"Sikuja kanisani," alisema kabla hajasalimiwa. "Nimekuja kwenye kipande changu. Barazani hadi dirisha la kwanza."

"Nakijua kipande chako."

"Basi nitilie. Na usinitilie krimu."

"Nikutilie krimu mimi?"

"Ndiyo, wewe. Mtu aliyepaka saruji anaweza kupaka chochote."

Walipaka bega kwa bega mpaka supu ikaisha. Josua hakuvuka dirisha la kwanza hata kwa upana wa brashi. Alipomaliza kipande chake alirudi mwanzo akakipaka tena. Kasisi alimwuliza kama hangependa kuingia ndani apumzike kwenye kiti cha Blaen-nant, kwa kuwa bado kipo na jina limechongwa.

"Mama," alisema Josua, "ninyi bado mna yale makoleo ya mbwa nyuma ya mlango?"

"Tunayo."

"Basi nitakaa nje."

Jioni vipande vyote vilikuwa vimepata mkono wa kwanza, vingi kwa mkono wa Ithel. Jumamosi alasiri mawingu yaliondoka na mbingu ikawa safi kupita kiasi. Ithel aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Chokaa mbichi ikipigwa na baridi kali usiku wa pili inageuka unga, na kazi yote inaanguka. Magunia yake ya majira ya baridi yalikuwa yameoza. Yalitosha nusu ya ukuta. Alikuwa ameshaanza kuvua koti lake mwenyewe, jambo la kipumbavu, aliposikia trekta.

Josua alikuwa na magunia marefu ya sufu, yale ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake, ishirini na mawili.

"Si kwa ajili yako," alisema akimtupia la kwanza. "Ni kwa kipande changu. Haya mengine yamekuja kwa bahati mbaya."

Waliyatundika yote kabla jua halijazama. Jumapili asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na walipoondoa magunia ukuta ulikuwa mweupe kuliko nyasi. Waliokuja na maua walisimama barabarani. Kutoka mlimani, alisema mchungaji mmoja wa kondoo, kanisa lilionekana tena. Alikuwa amesahau kwamba zamani alilitumia kujua njia kwenye ukungu. Walisema hivyo, wakaweka maua, wakapanda magari yao.

Bwana Havard alirudi Septemba, kama alivyoahidi, na kidude chake. Alikipitisha ukuta mzima. Taa moja iliwaka, karibu na ardhi, ikazimika. Alipanda kwenye boriti ya nne, akasukuma kisu juu kidogo ya palipooza. Kiliingia upana wa ukucha, kikakataa.

"Mkavu," alisema. "Utaungwa mguu huu na ule wa pili, basi. Sitaandika lifungwe." Akakunja kisu. Alionekana amefurahi, na hakuwa mtu wa kufurahi kazini. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya ukuta, na uso ukabadilika. "Sasa kuna jambo moja. Faili langu linasema saruji. Hapa naona chokaa. Ruhusa siioni."

Kasisi akafungua mdomo. Bwana Havard akainua mkono.

"Saruji ya miaka mingi huanguka, Kasisi. Upepo, barafu. Ikiwa ilianguka yenyewe, na watu wakapaka chokaa kidogo kuukinga ukuta kwa dharura, hilo naweza kuliandika, na hakuna atakayeuliza." Akamtazama Ithel. "Ilianguka?"

Ilikuwa rahisi. Alichotakiwa kusema ni neno moja, na angeondoka na funguo zake kiunoni. Josua, aliyekuwa ameegemea ukuta wa makaburi akijifanya anasubiri kondoo, alimwashiria kwa kichwa: sema ndiyo, mpumbavu.

Ithel alitazama kaburi la Lowri, lililokuwa hatua tatu kutoka pale.

"Haikuanguka," alisema. "Niliibomoa mimi. Na niliyeipaka ni mimi pia, mwaka sitini na nne. Mara ile uliniuliza, sikukujibu. Andika yote mawili."

Bwana Havard aliandika. Hakuwa na namna.

Barua ilifika Novemba. Ilisema ukuta uko katika hali nzuri, na kwamba kuanzia sasa utapakwa chokaa kila baada ya miaka mitano na mafundi walioidhinishwa. Ilisema pia kwamba kwa sababu za usalama wananchi wa kawaida wasipande ngazi wala kushika chokaa. Na kwamba Bwana I. Bebb akabidhi funguo. Alizikabidhi kwa Kasisi mezani kwake, akanywa chai, akala mkate wa zabibu, akaenda nyumbani kwa miguu. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda sasa. Mtu akiharibu kwa kukubaliwa na wote anapigiwa makofi. Akitengeneza bila karatasi anavuliwa kazi. Lakini kanisa halikufungwa. Ibada ni mara moja kwa mwezi, Jumapili ya pili.

Mafundi walioidhinishwa walikuja baada ya miaka mitano kweli, kutoka upande wa Uingereza, na kofia za njano na utepe wa kuzuia watu. Ithel na Josua, wote wawili wamepita miaka sabini na mitano, walikaa nje ya ukuta wa makaburi na chupa ya chai.

"Wanapaka nene," alisema Josua.

"Krimu," alisema Ithel.

"Watabandukiwa."

"Mwaka wa tatu."

"Umewaambia?"

"Niwaambie kama nani?"

Josua alikunywa chai, akamwaga machicha kwenye nyasi. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba vuli ile ile ya barua, wiki moja kabla ya kukabidhi funguo, Ithel alileta mawe ya chokaa kutoka tanuri la mwisho linalowaka huko mpakani, akayalowesha kwenye shimo la kaskazini mpaka likajaa, akamimina maji juu, akarudisha bamba na udongo. Josua alikuwa ameshika usukani wa trekta na kulalamika muda wote.

"Ile ya shimoni," alisema Josua, "uliiweka kwa ajili ya nani hasa?"

"Yeyote."

"Mimi na wewe tutakuwa tumekufa, Saruji."

"Haina haraka ile," alisema Ithel. "Nimiminie chai."